Mgongo wa Dereva

Kaka yake aliporudi na ule mto wa kuegemea kwa mara ya tatu, Sponji alikasirika kabisa, ingawa hakuonyesha. Alikuwa fundi makochi kwa miaka ishirini na nane. Jina la Sponji alipewa na wateja, likamganda hadi mkewe akalizoea, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kazi mara tatu.

"Bado naumia," kaka yake alisema, akiubwaga mto juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Sponji yako hii ni jiwe."

"Kaka, hiyo ndiyo inayofaa mgongo. Ile ya kwanza ulisema unazama."

"Basi tafuta ya katikati. Wewe si ndiye fundi?"

Mke wa Sponji alikuwa kwenye cherehani yake pale pale karakanani, anashona foronya za makochi. Akainua uso. "Shemeji, labda si mto. Huo mgongo umeuonyesha hospitali?"

"Nimeuonyesha. Wamesema ni mgongo wa dereva. Miaka thelathini juu ya lori, shemeji, ulitaka niwe na mgongo wa mtoto mchanga?"

Wakacheka wote watatu. Sponji akaupasua mto, akapanga tabaka mbili, laini juu na ngumu chini, akazibandika kwa gundi, akaona kazi imekaa sawa. Siku kumi na moja baadaye kaka yake alishindwa kuinuka kitandani. Miguu, alisema, imekuwa kama ya mtu mwingine.

Hospitali kuu wakampiga picha, wakampima damu, wakampiga picha tena. Daktari bingwa, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akawaita nje ya wodi ya wanaume, Sponji na shemeji yake, mke wa kaka, akawaambia bila kuzunguka. Ni saratani. Haikuanzia mgongoni. Imeanzia kwenye tezi dume, kile kitezi kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, ikakaa humo muda mrefu, ikatoka, ikaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Zipo dawa za kuipunguza kasi. Ipo mionzi ya kupunguza maumivu. Kuiondoa yote, hapana.

Shemeji yake akakaa chini palepale sakafuni. Sponji akabaki amesimama.

"Wewe ni mdogo wake wa tumbo moja?" daktari akamuuliza.

"Ndiyo. Mimi ndiye ninayemfuata."

"Umri?"

"Hamsini na tatu."

"Umeshawahi kupima tezi dume?"

"Mimi siumwi, daktari."

"Sikuuliza kama unaumwa." Alisema kwa upole, lakini macho hakuyatoa. "Ugonjwa huu ukiwa bado mdogo mara nyingi hausemi kitu. Mtu anakula, anafanya kazi, anakojoa vizuri. Na mwenye kaka aliyeupata, hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Nenda kituo cha afya cha kwenu ukapime. Wanaanza na damu tu. Usingoje kuumwa."

Sponji akaitikia. Akaingia wodini kumuaga kaka yake, akamkuta ameelekeza uso ukutani.

"Amekwambia ukapime?" kaka yake akauliza bila kugeuka.

"Ameniambia."

"Nenda. Mimi nilikuwa naamka mara nne, mara tano usiku kwenda kukojoa. Nikasema ni uzee. Mkojo unakuja kidogo kidogo, nikasema ni uzee. Mgongo ulipoanza nikaenda, yule tabibu hata hakuniuliza habari ya mkojo, na mimi nikaona haya kumwambia. Akanipa vidonge vya maumivu. Unajua nilifanya nini?"

"Ulifanya nini?"

"Nilimshukuru. Nikampa mkono na kumshukuru, nikaenda zangu."

Sponji hakwenda. Kwanza alikuwa na kazi ya viti thelathini vya ukumbi wa mikutano, na kazi ilikuwa na tarehe. Alijiambia akimaliza viti. Viti vikaisha, akajiambia akishampeleka kaka yake mionzi ya kwanza. Kila asubuhi njia ya karakana ilipita mbele ya geti la kituo cha afya, na akaanza kupita upande wa pili wa barabara, uso mbele, kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Woga wenyewe haukuwa wa kelele. Ulimwingia taratibu, kama baridi ya sakafu inayoanzia miguuni. Alianza kusikiliza mkojo wake. Alisimama chooni akiutazama ukishuka, akauhesabu, akaona leo umesitasita, jana haukusitasita hivi. Akapunguza kunywa maji ili asiende mara nyingi, kisha akaogopa kwamba haendi mara nyingi. Akijikuna kiunoni, moyo ulimlipuka. Akiinama kuvuta mkanda wa kochi, akisikia mfupa mmoja umelia, jasho jembamba lilimtoka. Alianza kugonga misumari ikipinda, na mkewe akaona.

"Hiyo ni ya sita leo," alimwambia, cherehani imesimama.

"Misumari yenyewe mibovu."

"Misumari ni ile ile ya siku zote, Baba Watoto." Akamtazama. "Lini unakwenda?"

"Nitakwenda."

Lakini kilichomtesa zaidi ni kwamba kaka yake kila Jumapili alimuuliza. Alikuwa amerudishwa nyumbani, anatembea kwa kushika kuta, na kabla hata hawajasalimiana vizuri angesema: umepima? Jumapili ya nne Sponji, kwa kuchoka, kwa haya, kwa hofu ya kulisikia swali lile tena, akasema amepima.

"Wamesemaje?"

"Niko safi."

Kaka yake akafumba macho. Machozi yakamtoka, mtu ambaye hakulia hata kwenye maziko ya mama yao. "Angalau mmoja," akasema. "Angalau mmoja wetu."

Sponji alitoka mle ndani akitembea kama mlevi. Hakumwambia mkewe. Siku ya pili yake, saa mbili asubuhi, alivuka barabara akaingia kwenye lile geti.

Alingoja kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano na nusu. Tabibu alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, macho mekundu kwa uchovu, mezani mafaili yamepandana.

"Tatizo nini, mzee?"

"Nimekuja kupima tezi dume."

"Mkojo unakusumbua? Unauma? Una damu?"

"Hapana."

"Unatoka vizuri?"

"Unatoka."

Kijana akatabasamu kidogo. "Basi mzee wangu, huna tatizo. Kile kipimo tunakiandika kwa mwenye dalili. Kunywa maji ya kutosha, punguza chumvi, fanya mazoezi. Ukiona mabadiliko yoyote, rudi."

Na Sponji, baada ya miezi miwili ya kutolala vizuri, alihisi kifua kimefunguka. Alitamani kumkumbatia yule kijana. Daktari amesema hana tatizo. Hata ule uongo wake sasa si uongo tena, amekwenda, ameulizwa, ameambiwa yuko safi. Akasimama, akanyoosha mkono.

"Asante sana, daktari. Asante sana."

Alifika getini. Mlinzi alikuwa akimfungulia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ikabidi asubiri kidogo, na katika kusubiri huko ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudi masikioni. Asante sana, daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado una joto la mkono wa yule tabibu. Nilimshukuru, kaka yake alisema, nikampa mkono na kumshukuru. Akashika nguzo ya geti.

"Mzee, unatoka au unaingia?" mlinzi akauliza.

Kila kiungo cha Sponji kilitaka kutoka. Kazi ilikuwa inamngoja, mkewe alikuwa anamngoja, na yule kijana amesoma, yeye ni nani wa kumbishia? Maisha yake yote hajawahi kumbishia mtu mwenye kalamu. Alisimama pale hadi mlinzi akakohoa.

"Naingia," akasema.

Akarudi kwenye foleni nyuma ya watu tisa. Alipoingia tena, tabibu akakunja uso.

"Mzee, si tumemalizana?"

"Hatujamalizana, mwanangu. Samahani." Sauti ilikuwa inamtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi sijaja kwa sababu naumwa. Nimekuja kwa sababu kaka yangu, tumbo moja, ana saratani ya tezi dume, na imeshaingia mgongoni. Daktari bingwa wa hospitali kuu ameniambia nipime kabla ya dalili. Hukuniuliza habari ya ndugu, na mimi sikukwambia. Sasa nakwambia."

Tabibu akaweka kalamu chini. "Vifaa vya kipimo hicho huwa havitoshi, mzee. Nikimwandikia kila mtu..."

"Naelewa. Basi naomba uandike kwenye kadi yangu kwamba nimekuja leo, nimekueleza habari ya kaka yangu, nimeomba kipimo, na umeona sikihitaji. Weka na sahihi. Nitakwenda nayo kwa yule daktari bingwa."

Hakuwa amelipanga hilo. Lilimtoka tu, kama anavyomwambia muuza vitambaa aandike kipimo kwenye risiti asije akageuka. Kijana masikio yakamwiva. Kisha akavuta fomu ya maabara, akaandika haraka haraka, akagonga muhuri.

"Ungesema habari ya kaka yako mapema," akasema, akimpa.

"Ni kweli," Sponji akasema. Safari hii hakushukuru mara mbili.

Majibu yalitoka baada ya wiki. Yule yule kijana ndiye aliyemsomea, na safari hii alifunga mlango kwanza. Kiwango cha protini ya tezi kwenye damu kiko juu. Si juu sana. Kinaweza kupandishwa na maambukizi, kinaweza kupandishwa na tezi kuvimba tu kwa umri, si lazima iwe saratani. Watarudia baada ya wiki sita. "Mzee," kijana akaongeza, akitazama meza, "nimefurahi ulirudi siku ile."

Wakarudia. Kikawa juu zaidi kidogo. Akapelekwa hospitali kuu kwa yule mama daktari bingwa, na huko ndiko kulikokuwa na kile kipimo cha kidole, cha kuipapasa tezi kwa nyuma, ambacho wanaume wa mtaani kwao walikitania miaka yote, na yeye mwenyewe alikitania. Aliingia akiwa ameshajifia. Kilikwisha kabla hajamaliza kuhesabu kumi.

"Hicho tu?" akauliza.

"Hicho tu," daktari akasema, akivua glavu. "Lakini kuna upande mmoja sijaupenda. Nataka tuchukue vinyama tukavipime."

Siku ya kuchukua vinyama mkewe alimsindikiza hadi mlangoni, akazuiwa hapo. Walimlaza ubavu, magoti kifuani, wakamchoma sindano ya ganzi. Daktari akamwambia atasikia mlio, asishtuke. Mlio ulipokuja, Sponji aliruka karibu aanguke kitandani. Ulikuwa ni mlio wa stepla yake. Ile stepla kubwa ya mkono anayobania kitambaa kwenye mbao, aliyoibonyeza mara elfu na elfu kwa miaka ishirini na nane, taa! Sasa ilikuwa ndani yake. Alijua kila mlio utakuja lini kwa sababu alijua mkono unavyojikaza kabla. Ilipigwa mara kumi na mbili. Katikati alianza kulia kimyakimya, si kwa maumivu, na muuguzi akamwekea kiganja begani bila kusema kitu.

Baada ya hapo zikaja wiki mbili za kungoja, na hizo ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Alikojoa damu siku tatu, aliambiwa itakuwa hivyo, lakini kuambiwa ni kitu kingine na kuona ni kingine. Simu ikilia, mkewe alikuwa anasimamisha cherehani. Walifanya kazi ya seti nzima ya makochi bila kuulizana zaidi ya "mkasi uko wapi." Na Jumapili alikaa mbele ya kaka yake, mtu anayeendelea kupungua kila wiki, akasikiliza akiambiwa ashukuru Mungu kwamba yeye yuko safi.

Siku ya majibu waliingia wote wawili. Daktari hakuwazungusha. Ni saratani. Sponji akaona midomo ya daktari inaendelea kucheza na hakusikia kitu. Aliona kalenda ya ukutani, aliona kamba ya miwani, aliona mguu wa kiti chake umelegea na aliyeutengeneza hakutia gundi. Kisha akasikia sauti ya mkewe.

"Rudia hapo, daktari. Umesema iko wapi?"

"Ndani ya tezi. Haijatoka nje. Ni ndogo, lakini si ya aina ya kuachwa tukaiangalia tu, ina kasi kiasi. Kuna upasuaji wa kuitoa tezi, na kuna mionzi. Yote mawili nia yake ni kuponya."

Neno hilo la mwisho Sponji alilisikia.

Mkewe alikuwa amekuja na kipande cha karatasi ngumu ya kukatia ruwaza za vitambaa, nyuma yake kaandika maswali kwa chaki ya fundi. Aliyauliza moja baada ya jingine. Upasuaji una hatari gani, mionzi ina hatari gani, mkojo utakuwaje, kazi ya kunyanyua makochi atarudia lini. Alipofika la mwisho akasita, akamtazama mumewe. Sponji akatazama chini. Basi mkewe akauliza mwenyewe.

"Na mambo ya chumbani?"

"Yanaweza kuathirika," daktari akasema. "Kuna wanaorudi vizuri baada ya muda, kuna wanaohitaji dawa, kuna wasiorudi. Siwezi kuwaahidi."

Mkewe akakunja ile karatasi. "Mimi nimeolewa na mtu mzima mzima," akasema, "si na kiungo kimoja. Tupe tarehe ya upasuaji."

Kabla ya tarehe hiyo, Sponji alikwenda kwa kaka yake akamwambia ukweli wote: kwamba siku ile alidanganya, kwamba amepima baadaye, kwamba anayo, kwamba inatolewa. Alitegemea machozi. Kaka yake alikasirika. Alikasirika hadi shemeji akaja mbio kutoka uani.

"Ulinidanganya mimi? Nalala hapa siku nzima, kitu pekee ninachoshika ni kwamba wewe uko salama, na ulikuwa unanidanganya? Toka."

Sponji akatoka. Kwa siku tisa kaka yake hakupokea simu. Siku ya kumi, Sponji akiwa tayari kwenye kitanda cha hospitali, amevaa gauni la mgongo wazi, miguu ya baridi, simu ikaita.

"Umeshaingia?" kaka yake akauliza.

"Bado. Wananiita sasa hivi."

"Unaogopa?"

"Naogopa, kaka. Naogopa sana."

Akasikia mtu anapumua upande wa pili. "Na mimi," kaka yake akasema. "Ukiamka, nipigie wewe mwenyewe. Si mtu mwingine. Wewe."

Aliamka. Alimpigia mwenyewe, ulimi mzito, na baadaye hakukumbuka alimwambia nini.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Miezi minne alivaa pedi kama mtoto, na alipokohoa karakanani alijilowanisha, akageuka ukutani hadi mkewe amletee suruali. Mambo ya chumbani hayajarudi kama zamani. Wanayazungumza, jambo ambalo zamani hawakuzungumza. Kipimo cha kwanza cha damu baada ya upasuaji kilisoma karibu na sifuri. Aliipeleka karatasi kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa hawezi tena kukaa; aliishika juu ya uso wake kwa mikono miwili, akaisoma, akasoma tena, akaiweka chini ya shuka lake na hakuirudisha. Alifariki wiki tatu baadaye, mchana, mkewe akimnywesha uji.

Siku arobaini zilipopita, Sponji alimfuata mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa miaka arobaini na mmoja, mzima kama chuma.

"Baba mdogo, mimi bado kijana," akaambiwa.

"Baba yako na baba yako mdogo, wote wawili. Daktari amesema watoto wetu waanze wakifika miaka arobaini. Nitakaa na wewe kwenye benchi."

Kijana alipiga chenga mwezi mzima, kisha akaenda. Kiwango chake kiko chini. Ameambiwa arudi mwakani.

Sponji naye hupima kila miezi mitatu. Wiki moja kabla, chakula humshinda na misumari huanza tena kupinda, na mkewe, akiona hivyo, humwambia leo kata vitambaa tu, nyundo niachie mimi. Kesho kutwa ni zamu nyingine. Anaogopa, na kadi ameshaitia mfukoni mwa shati.